Taa Nyekundu ya Oili: Kabla Hujasema “Ni Sensa Tu”

Leo tuweke pembeni mambo ya picha za bidhaa na kujibu wateja, tuongelee kile kinachobeba hizo bidhaa zenyewe. Wengi wetu oda zikishazidi uwezo wa bodaboda tunatafuta gari ya mzigo, na kwa mitaji yetu hii gari yenyewe huwa ni Hiace iliyokwisha kula chumvi nyingi. Inatoa mzigo Kariakoo asubuhi, mchana inasambaza, jioni inapeleka maboksi stendi. Siku ikilala gereji, biashara nzima imelala.

Sasa kuna swali linazunguka sana kwa wenye Hiace hizi: “Taa ya oili inawaka, fundi kasema ni sensa tu, nibadilishe au niendelee nayo hivyo hivyo mpaka nimalize mizigo ya wiki hii?”

Msimamo wangu ni mmoja na wala siubembelezi. Usinunue sensa, na usiendelee na safari, mpaka presha ya oili ipimwe kwa geji. “Ni sensa tu” ni jibu ambalo mtu ana haki ya kulitoa baada ya kupima. Kabla ya hapo ni dua.

Niwatendee haki mafundi. Kwenye gari ya zamani mara nyingi inakuwa kweli ni sensa. Kinakaa kwenye joto miaka nenda rudi, kinaanza kuvuja oili, waya wake unakauka na kuchubuka mpaka unagusa chuma. Ndiyo maana hilo neno limepata umaarufu, na ndiyo maana sisi wenye gari tunalipenda, kwa sababu ni habari nzuri. Bei yake ni ya lita chache za dizeli na kazi yenyewe ni nusu saa. Lakini angalia hasara ya upande wa pili. Ukibadilisha sensa kumbe presha ndiyo haipo, utaendesha gari ukiwa na amani moyoni huku beringi za krenki zinasagika. Hapo tunaongelea kushusha injini, kuchonga krenki, au kutafuta injini nyingine iliyotumika, gari imekaa gereji wiki mbili, na wateja waliokwisha kulipa wanapiga simu. Fundi wako hata akipatia mara tisa, ile ya kumi inakula faida ya zote tisa na mtaji juu.

Tuelewane kwanza hiyo sensa ni kitu gani, maana ukiielewa huyumbishwi. Kwenye Hiace nyingi za zamani zenye injini za dizeli za 2L, 3L na 5L, tunachokiita sensa ni swichi. Ni kidude kidogo kimefungwa kwenye bloku ya injini, kina waya mmoja tu. Ndani yake kuna kiwambo na springi. Presha ya oili isipokuwepo, springi inaunganisha kontakti, umeme unapita kwenda kwenye mwili wa injini, taa inawaka. Oili ikianza kusukuma kile kiwambo, kontakti zinaachana na taa inazima. Basi, hakuna kompyuta humo.

Na hiyo presha ya kuizima taa ni ndogo mno. Swichi nyingi za aina hii zinageuka kati ya bar 0.2 na 0.5, yaani psi 3 mpaka 7 hivi. Linganisha na upepo wa tairi zako, ambao unahesabiwa kwa makumi ya psi. Kwa hiyo taa ikizima haina maana kwamba presha ni nzuri, ina maana tu kwamba presha siyo sifuri. Na ikiwaka wakati injini inaunguruma, aidha umeme wa taa una hitilafu, au oili haifiki inakotakiwa kufika. Wengi wanaichukulia kama taa ya mafuta, ile inayokwambia jiandae, sheli iko mbele. Hii siyo ya kujiandaa. Ikiwa inasema kweli, uharibifu umeshaanza.

Kwa nini haraka hivyo? Krenki haizunguki juu ya chuma, inaelea. Kati ya krenki na beringi zake kuna utando mwembamba sana wa oili, na pampu ndiyo inayohakikisha oili inafika pale muda wote. Utando ukiondoka, chuma kinasugua chuma, joto linapanda, beringi inachunika au inang’ang’ania. Dakika chache zinatosha, na gari ikiwa na mzigo inapanda mlima zinatosha chache zaidi. Mlio wa kugonga ukishaanza, kile kishindo kizito kinachofuata mwendo wa injini, ujue stori ya sensa imekwisha.

Kwa hiyo taa ikiwaka barabarani, tia gari pembeni halafu zima injini. Nimesema pembeni kwanza, maana ukizima gari ikiwa kwenye mwendo stering na breki vinakuwa vizito na unaweza kutengeneza msiba mwingine. Ila ukishasimama, zima. Siyo ukifika sheli, siyo ukimaliza oda mbili zilizobaki hapo mbele. Subiri kama dakika kumi, gari ikiwa sehemu tambarare, oili ishuke chini. Toa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kitoe tena ndipo usome. Kina alama mbili, kwenye Toyota nyingi ni L chini na F juu. Kinuse pia. Kama oili imepanda juu ya F na inanuka dizeli, kuna mafuta yanaingia kwenye oili na kuifanya nyepesi kama maji. Kama ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Hizo mbili gari isiwashwe tena, ivutwe.

Oili ikiwa chini ya L, chungulia kwanza chini ya gari uone kama imemwagika. Ongeza kidogo kidogo huku unapima, washa, na macho yawe kwenye taa. Inatakiwa izime ndani ya sekunde chache. Ikizima na injini haina mlio wa ajabu, nenda gereji ya karibu taratibu, ujue oili imeenda wapi. Nimesema gereji, sijasema kwa mteja. Isipozima, zima wewe. Na kama oili ilikuwa imejaa vizuri tangu mwanzo lakini taa ilikuwa inawaka, usiiwashe tena kujaribu-jaribu. Kila unapojaribu unaifanyisha injini kazi bila oili.

Hapa ndipo nataka niongee na mabosi, kwa sababu mara nyingi mwenye gari siye anayeendesha. Kuna kijana umemkabidhi, na huyo kijana anaijua simu yako. “Umefika wapi?” “Mteja wa Mbezi kaulizia mara tatu.” “Hakikisha yote yanaisha leo.” Halafu taa inawaka akiwa foleni. Unadhani atafanya nini? Akizima, ataonekana mvivu anayetafuta sababu. Akiendelea, pengine itajizima yenyewe na hakuna atakayejua. Ataendelea. Mimi simlaumu, maana wewe umemfundisha kwamba kuchelewa ni kosa na hujawahi kumwambia kwamba kuendesha na taa nyekundu ni kosa kubwa zaidi. Halafu injini ikifa unamkata mshahara.

Mwambie leo, tena mbele ya watu wengine wa dukani ili aamini: taa nyekundu ya oili ikiwaka, una ruhusa ya kuzima gari popote ulipo, na sitauliza kwa nini umechelewa. Usimwambie kwa mkato, muoneshe taa yenyewe, ile yenye picha ya kibirika cha oili kinachodondosha tone. Muoneshe na jinsi ya kupima oili, maana kwenye Hiace injini iko chini ya siti za mbele na vijana wengi hawajawahi hata kuinyanyua hiyo siti. Mpe kitambaa na galoni ya akiba ya oili ya aina ile ile inayotumika. Hayo yote hayazidi gharama ya kuvuta gari mara moja.

Upande wa wateja, mzigo wa siku hiyo uhamishie kwa bodaboda au kirikuu ya jirani, hata ukila hasara kidogo. Na uwataarifu mapema. Mteja anayeambiwa saa nne asubuhi kwamba mzigo utafika kesho anaelewa. Anayeambiwa saa mbili usiku, baada ya kushinda nyumbani akisubiri, huyo umempoteza.

Sasa gari imefika gereji na oili ipo ya kutosha. Kuna kipimo cha bure cha kuanza nacho, na unaweza kukisimamia mwenyewe. Injini ikiwa imezimwa, fungua ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, usipige stata. Taa ya oili lazima iwake. Mwambie fundi achomoe ule waya mmoja kwenye swichi. Taa inatakiwa izime. Isipozima, basi waya wenyewe umechubuka mahali na unagusa chuma, ugonjwa upo kwenye waya na hata ukifunga swichi kumi hutapona. Ikizima, agusishe ncha ya waya kwenye chuma cha injini, taa iwake tena. Hapo umejua kwamba waya na balbu ni vizima, bado hujajua lolote kuhusu presha. Naona watu wanaishia hapa na kutangaza ushindi. Hapana, umefika katikati tu.

Kinachofuata ni geji. Swichi inafunguliwa, pale pale inafungwa geji yenye mpira mrefu, injini inawashwa, na mshale unasema. Wala siyo kifaa cha ajabu, tatizo ni kwamba gereji nyingi za mtaani hawana, au wanayo ila hawapendi kuitoa kwa sababu kubahatisha ni haraka. Ukisisitiza utaipata. Soma presha injini ikiwa ya baridi, halafu isubiri ichemke sawasawa, usome tena. Ya moto ndiyo muhimu, maana oili ya baridi ni nzito na inaficha aibu nyingi. Kwa injini hizi za zamani za Toyota, bila kukanyaga mafuta inatakiwa usikose bar 0.3, na ukikanyaga mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika ipande kwenye bar 2.5 na kuendelea. Mafundi wengine wanatumia hesabu ya kichwani, psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, nayo siyo mbaya kwa kukisia.

Geji ikionesha presha nzuri ya moto na taa ilikuwa inawaka, hapo sasa, kwa raha zako, ni sensa. Nunua mpya, na uchukue ya zamani uende nayo dukani. Nyuzi zake kwenye gari za Kijapani kwa kawaida ni za inchi 1/8 zilizochongoka kidogo, na kuna za mfumo wa Kimarekani zinazofanana nazo kwa macho lakini siyo zenyewe. Ikianza kugoma mkononi usiilazimishe kwa spana, utapasua bloku kwa sababu ya kidude cha bei ndogo. Jambo jingine, tepu nyeupe ya mabomba isifungwe kama kilemba. Swichi hii inapata negativu yake kupitia hizo nyuzi, na ukizizungushia tepu nyingi unaweza kuikata, taa isiwake tena hata siku ya hatari. Kipande kikikatika kikaingia kwenye njia ya oili ni tatizo jingine. Na kama Hiace yako ina mshale wa presha kwenye dashibodi, ule una sensa yake tofauti, kubwa zaidi. Usikubali kufungiwa moja badala ya nyingine.

Geji ikionesha presha ndogo, mazungumzo yanabadilika, na tabia ya taa itamsaidia fundi. Kama ilianza mara tu baada ya sevisi, angalia filta kwanza. Raba ya filta ya zamani huwa inabaki imeganda kwenye injini, mpya inafungwa juu yake, oili inachuruzika yote. Nalo filta la bei rahisi lisilo na valvu ya kuzuia oili isirudi chini linafanya taa ichelewe kuzima kila asubuhi. Kama inawaka ukikata kona au ukifunga breki tu, oili ni chache na inakimbilia upande mmoja. Kama inapepesa gari ikiwa ya moto kwenye foleni, halafu ukikanyaga mafuta inazima, basi oili imechoka au imechanganyika na mafuta, au beringi zimelika na pampu imezeeka. Na ile ambayo taa inazima ukiwa taratibu lakini inawaka ukikimbia, hiyo mimi naiogopa kuliko zote. Chujio lililo ndani ya sampo linaweza kuwa limeziba kwa tope la oili, pampu inavuta isipate. Ni matokeo ya kuchelewesha oili kwa miezi. Sampo ishushwe, lisafishwe. Ni kazi ya kuchosha, lakini bado ni rahisi kuliko krenki.

Kuna dawa moja ya mtaani naipinga waziwazi, nayo ni kuweka oili nzito zaidi ili taa izime. Itazima, kweli. Presha itapanda kidogo kwa sababu oili nzito inapita kwa shida kwenye nafasi zilizolika, beringi zitabaki zimelika vile vile, na asubuhi injini itawaka oili ikichelewa kufika juu. Ukiitumia wakati unakusanya hela ya matengenezo, ukijua kabisa unachofanya, hayo ni maamuzi yako ya biashara. Ukiitumia ukaamini gari imepona, umejidanganya kwa hela yako.

Dawa ya pili hata sijui niiite dawa: kukata waya au kutoa balbu. Hii inawahusu sana mnaotaka kununua gari ya mkononi. Muuzaji akishachoka na taa, anaichomoa, anaosha gari, anaipiga picha. Kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba, fika mwenyewe injini ikiwa ya baridi. Gusa bloku kwa mkono, maana ikiwa ya moto ujue ilishawashwa kabla hujafika. Fungua ufunguo bila kupiga stata. Taa ya oili isipowaka pamoja na zenzake, kuna mtu ameifanyia kitu. Ikiwaka, piga stata uhesabu inachukua sekunde ngapi kuzima. Kisha iache iungurume mpaka ichemke kabisa, muda huo muulize muuzaji mambo mengine, na urudi kuitazama taa ikiwa ya moto bila kukanyaga mafuta. Muuzaji anayeharakisha kuzima gari kabla haijachemka amekujibu tayari.

Kuhusu geji yenyewe, siyo lazima kila mmoja anunue yake. Wenye Hiace watano wa mtaa mmoja mnaweza kuchanga mkanunua moja na kuwa mnaazimana, gharama kwa kichwa inakuwa ndogo sana. Nunueni ile inayokuja na adapta za nyuzi tofauti tofauti. Ikae kwa mtu mmoja asiyesafiri sana, na anayeirudisha ahesabiwe adapta zote mbele yake, kwa sababu ndizo zinazopotea kwanza.